Joho la Uwakili na Daftari la Nyumbani

Kila nipitapo katika vitongoji vyetu vya Temeke na Kinondoni naona jambo ambalo miaka ya nyuma lilikuwa adimu, na ambalo leo limezoeleka hata watu hulipita bila kugeuza shingo. Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwananyamala, na hata Bunju kule zinakogeuzia daladala, baina ya kibanda cha kutuma fedha na banda la kutoa fotokopi, vimesimama vibao vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu: Wakili, Kamishna wa Viapo. Na katika mitaa hiyohiyo, niketipo barazani na jamaa, hapakosi habari ya kijana wa nyumba fulani aliyehitimu shahada ya sheria mwaka juzi, ambaye sasa anangoja matokeo, au anangoja kurudia mtihani, au anangoja kuapishwa, au amekwisha kuapishwa na anangoja kazi. Kila mmoja ana lake la kungoja, na nyumba nzima inangoja pamoja naye.

Niseme mapema niliyo nayo moyoni. Elimu ya sheria ni elimu tukufu, na nchi isiyo na wanasheria wa kutosha ni nchi ambayo mwenye nguvu hujihukumia mwenyewe. Kwa hiyo simkatazi mzazi yeyote kumpeleka mwanawe kuisoma. Walakini naona kwamba aila zetu, hususan hizi za pembezoni mwa jiji ambazo fedha yao hutoka katika meza ya samaki, katika cherehani na katika pikipiki, zinainunua elimu hii kwa bei ya leo ilhali zinaipima kwa thamani ya juzi. Na kwamba katika gharama zake zote, ile iliyo nzito kupita zote, yaani miaka ya kungoja baina ya shahada na ujira wa kwanza, haiandikwi na mtu katika hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mali ipoteayo hapa umo ujana wa watoto wetu.

Thamani ya juzi

Ili tufahamu kwa nini jina la wakili lina uzito mkubwa hivi katika masikio ya wazee wetu, yatupasa turejee Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, ambako tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu, na kitivo hicho kilikuwa cha sheria. Wanafunzi wa mwanzo hawakuzidi kumi na watano, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Makerere haikuwa na kitivo cha sheria, Nairobi nako hakikuwapo, na mawakili Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole. Taifa lililokuwa likizaliwa lilikuwa na njaa ya mahakimu, ya waandishi wa miswada na ya mawakili wa serikali, na njaa hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba kijana aliyetoka pale hakutafuta kazi, bali kazi ndiyo iliyomtafuta. Serikali ilimlipia masomo na, alipohitimu, ikampangia kituo.

Lakini serikali iliyolipa ilikuwa na dai lake pia, na haikulificha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambao uliwataka, baada ya masomo, wapokee kwa muda asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangestahili. Na Mwalimu Nyerere, baada ya kuwasikiliza, aliwarudisha makwao takriban wanafunzi 400, kisha akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nalikumbusha tukio hili kwa sababu ndani yake mna swali ambalo bado halijatuacha: aliyesomeshwa anadaiwa na nani? Wakati ule jibu lilikuwa wazi, kwamba anadaiwa na wakulima ambao kodi yao ndiyo iliyomsomesha. Leo dai limehama kutoka kwa taifa na kuingia sebuleni. Anayedai ni shangazi aliyeuza kiwanja cha Chamazi, ni kaka aliyeacha shule ili mdogo wake aendelee, ni mama aliyechukua mkopo wa kausha damu; na madai ya damu, kila mtu ajua, hayana mahakama ya kuyasuluhisha.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuwataka wazazi wachangie gharama za elimu ya juu. Mwaka 1992 kilianzishwa Chuo Kikuu Huria, ambacho makao yake yako hapahapa Kinondoni na ambacho kimewafungulia mlango wa sheria hata watumishi na akina mama wasioweza kukaa bwenini. Kisha vikafuata vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na karibu kila kimoja kikafungua kitivo cha sheria, maana kufundisha sheria hakuhitaji maabara wala mitambo, bali huhitaji walimu, vitabu na ukumbi. Orodha ya mawakili waliosajiliwa nchini, ambayo wazee wa taaluma wanakumbuka ilipokuwa ya mamia, imekwisha kupita 10,000. Je, mzazi wa Yombo anapomwita binti yake mheshimiwa wakili tangu muhula wa kwanza, anamwona mmoja kati ya wale wa Lumumba, au anamwona mmoja kati ya hawa elfu kumi?

Ukurasa usioandikwa kitu

Nilialikwa katika kikao cha aila moja huko Mtoni Kijichi, kikao cha kuchangia masomo ya kijana wao aliyekuwa amechaguliwa kusoma sheria. Mama wa kijana alikuwa na kauntabuku yenye jalada gumu, ileile anayoitumia kuandikia mchezo wa kijumbe, na katika ukurasa mpya alikuwa amepiga mistari kwa rula na kuandika kwa mwandiko wa makini: ada, godoro, nauli, kompyuta mpakato, bima ya afya, suti moja nyeusi. Kila jambo lilikuwa na bei yake, na mbele ya kila bei palikuwa na jina la ndugu aliyeahidi. Nilistaajabia uaminifu wa hesabu ile. Lakini nilipouliza kwa upole mwaka wa tano umeandikwa wapi, mama alifunua karatasi iliyofuata, nayo ilikuwa nyeupe.

Mwaka wa tano ndio unaotuangusha. Katika vyuo vingi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya sheria huchukua miaka minne. Na shahada hiyo peke yake haimpi mtu haki ya kusimama mbele ya hakimu kumtetea mwenziwe. Tangu ilipopitishwa sheria ya mwaka 2007 na masomo kuanza mwaka uliofuata, kila atakaye kuwa wakili sharti apitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo mtaani huitwa Law School, iliyoko Barabara ya Sam Nujoma; na hata nafasi za hakimu mkazi na wakili wa serikali, zinapotangazwa, kwa kawaida humtaka mwombaji awe amehitimu huko. Mafunzo yake ni ya kama mwaka mmoja, darasani na kisha mahakamani na katika ofisi za mawakili, na ada yake inazidi shilingi milioni moja. Kwa miaka mingi wanafunzi wake wengi hawakuwa na mkopo wa kutegemea. Katika miaka ya karibuni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imewafungulia mlango baadhi yao, na kwa hilo inastahili shukrani, lakini aliye nje ya mlango huo hurudi palepale kwenye kauntabuku ya mama.

Fauka ya ada, yako mambo ambayo hayana risiti. Kijana wa Mbagala hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Hula chakula cha mchana mjini kwa bei ya mjini. Huvaa nadhifu, kwa kuwa taaluma yenyewe yamtaka hivyo. Akimaliza, hungoja matokeo. Akipata sapu, hungoja mtihani wa marudio. Akifaulu, huomba kusajiliwa na kungoja siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Hivyo mwaka mmoja wa karatasi aghalabu hugeuka kuwa miwili ya maisha, na kijana aliyeingia chuoni akiwa na miaka ishirini anashika leseni yake ya kwanza akikaribia ishirini na saba, akiwa bado analala chumba kimoja na wadogo zake.

Natufanye hesabu ya mfano, ili tusizungumze kwa hisia tupu. Tuseme jirani ana kijana wa umri uleule, ambaye badala ya chuo kikuu alikwenda VETA pale Chang'ombe akajifunza umeme wa majumbani kwa miaka miwili, kisha akaanza kazi na kupata shilingi 300,000 kwa mwezi, kipato ambacho si cha ajabu kwa fundi mwenye bidii. Katika miaka minne inayobakia kabla mwenzake hajaapishwa atakuwa amepata shilingi milioni 14 na laki nne. Fedha hizo, ambazo mwanasheria hakuzipata kwa sababu alikuwa akisoma na kungoja, ni sehemu ya gharama ya joho lake sawasawa na ada, ijapokuwa hakuna mhasibu wa chuo aliyezidai. Sisemi kwamba ufundi ni bora kuliko sheria. Fundi naye huanguka ngazini, na mwanasheria aliyetulia katika kazi yake aweza kumpita fundi kwa mbali katika miaka ya uzeeni. Nasema tu kwamba atakayetaka kujua faida ya safari sharti ajue aliacha nini bandarini.

Kisha kuna deni lenyewe. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasomesha maelfu ambao bila yake wangebaki vijijini na vijiweni, na sitasema neno la kuidunisha. Lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Tuseme kijana anadaiwa shilingi milioni 12, na amebahatika kupata uafisa sheria wenye mshahara wa shilingi 900,000: atakatwa 135,000 kila mwezi, na deni litamchukua zaidi ya miaka saba kulimaliza, juu ya kodi ya serikali na mchango wa hifadhi ya jamii. Mwaka 2021, katika sherehe za Mei Mosi kule Mwanza, Rais Samia aliifuta ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiyavimbisha madeni haya mwaka hadi mwaka, na nyumba nyingi zilipumua. Hata hivyo kukopa harusi, kulipa matanga: kijana anapopokea chuoni bumu lake la kwanza, yaani posho ya mkopo, huwanunulia wadogo zake viatu, naye siku ya kulipa huwa na watoto wake mwenyewe wanaotaka viatu.

Ishirini na sita

Oktoba 2022 lilitokea jambo lililowatikisa wazazi wengi. Yalitangazwa matokeo ya kundi la 33 la Taasisi ile: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu mitihani yote walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na walioondolewa kabisa walikuwa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili ichunguze sababu. Nchi nzima ilijadili. Wengine walilaumu Taasisi kwa ukali wa kupindukia, wengine wakalaumu vyuo kwa kupokea kila mwenye kulipa, wengine wakawalaumu vijana wenyewe kwa uvivu wa kusoma.

Mimi katika mjadala ule niliwafikiria wale 265, ambao magazeti yaliwataja kama tarakimu kisha yakaendelea na habari nyingine. Kila mmoja wao alikuwa na shahada halali aliyotunukiwa na chuo kinachotambuliwa na serikali. Kila mmoja alikuwa amelipiwa, kwa mkopo au kwa mchango, kwa muda usiopungua miaka mitatu au minne. Kama hawakustahili kuwa mawakili, je, hapakuwa na mtu wa kuwaambia hayo katika mwaka wa kwanza, ilipokuwa bado mapema kugeukia elimu nyingine? Chuo kilichompa kijana alama za kufaulu muhula baada ya muhula kilimwambia kwamba yuko njiani. Taasisi ikamwambia kwamba hakuwahi kuwa njiani. Na kati ya kauli hizo mbili ilikuwapo fedha ya aila, imekwisha liwa. Wenzetu wa Kenya na Uganda wamepata kulia kilio kama hiki, na huko Kampala walijaribu kwa miaka kadhaa mtihani wa kuingilia, ili anayeshindwa ajue kabla ya kulipa. Mtihani wa namna hiyo una lawama zake, walakini una rehema ndani yake, maana hasara ya mwezi mmoja si sawa na hasara ya mwaka.

Na liko jambo la lugha, ambalo siwezi kulipita. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hapa Tandika hufundishwa kwa Kiswahili, kisha hubebeshwa Kiingereza ghafla katika kidato cha kwanza, na hukibeba hivyo, akichechemea, hadi katika chumba cha mtihani wa uwakili. Ilhali tangu mwaka 2021 Bunge limekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mteja atakayekuja kwake kesho, mjane wa Keko au dereva wa Manzese, atamweleza shida yake kwa Kiswahili. Ni masomo mangapi ya sapu yanayolipiwa na mama lishe kwa sababu mwanawe aliijua hoja lakini hakuweza kuieleza kwa lugha ya mtihani? Waliopewa dhamana ya mitaala wana wajibu wa kulijibu swali hili.

Riziki ya mhuri

Tuje sasa kwenye malipo, maana si haki kuhesabu gharama na kuyanyamazia mapato. Kuna ofisi moja ya wakili kijana huko Mbagala ambayo nimepata kuketi ndani yake asubuhi nzima. Ni chumba kilichogawanywa kwa mbao laini, chenye viti vinne vya plastiki, meza moja, feni, na kwenye droo ya meza mhuri wa chuma unaoacha alama ya duara iliyoinuka juu ya karatasi. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo, na kwa hiyo mlangoni palikuwa na foleni ya vijana waliotoka kidato cha sita, kila mmoja na fomu zake mkononi, wakitaka saini na mhuri wa Kamishna wa Viapo. Wakili alisoma kila ukurasa, akauliza jina, akaonya juu ya kusema uongo chini ya kiapo, akatia saini, akagonga, akapokea shilingi elfu chache. Wachache walikosa hata hizo, naye akawagongea bure. Alipokuwa akifunga droo, mzee mmoja aliingia na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne na kukatika penye mikunjo, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwamba fulani amemuuzia fulani kiwanja, kuanzia mnazi hadi mfereji, mbele ya mjumbe. Mnunuzi alikuwa amefariki. Mnazi ulikuwa umekatwa. Watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo walikuwa hawasemezani.

Nilitoka pale nikiwa na yakini kwamba kazi ya sheria imejaa tele katika vitongoji hivi. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam huishi katika makazi ambayo hayakupimwa, na viwanja huuzwa kwa karatasi kama ile kila siku ya Mungu. Watu hufa bila wosia. Ndoa huvunjika na nyumba iliyojengwa kwa jasho la wawili huandikwa jina la mmoja. Tangu mwaka 2021 Temeke ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mirathi, ndoa na talaka, na atakayefika pale asubuhi ataona wingi wa wanawake wenye mabahasha mapajani. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili mawakili waruhusiwe kusimama katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi, mahali ambapo kwa miaka mingi walikuwa wamezuiwa, na ndipo penye kesi za watu wa kawaida.

Lakini kazi iliyo tele si lazima iwe fedha tele, na hapa ndipo mzazi anapokosea makadirio. Mteja wa Mbagala hulipa kidogokidogo: leo elfu ishirini, mwisho wa mwezi elfu thelathini, na mara nyingine hulipa kesi ikiisha au asilipe kabisa kwa kuwa ameshindwa. Wakili mwenyewe hana budi kutoa kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo, kuihuisha leseni yake kila mwaka, kulipa michango ya Chama cha Mawakili Tanganyika na kuhudhuria mafunzo endelevu ambayo pasipo hayo leseni haihuishwi. Anashindana na vishoka, watu wasio na leseni wala shahada, ambao huandika mikataba kwa nusu ya bei na kutoweka mgogoro unapozuka. Zile ada kubwa zinazosimuliwa, za benki, za madini, za kampuni za simu, ziko Posta na Masaki, katika kampuni zinazochukua vijana wachache kila mwaka, na aghalabu wale ambao jamaa zao wanajulikana huko. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayeapishwa leo anapaswa kutarajia miaka mitatu au minne ya riziki ya mhuri, yaani pato la kumtosha chakula na nauli na kumsaidia mama kidogo, kabla jina lake halijaenea katika mitaa kiasi cha watu kumfuata na kesi zenye maana. Baada ya hapo, kama ni mwaminifu, hali yake huwa njema. Nawajua waliojenga na kusomesha ndugu zao kwa mirathi na viwanja vya Temeke tu, bila ya kuwahi kuwa na mteja mwenye ofisi ghorofani.

Hayo ni malipo ya haki, na ni malipo ya heshima, lakini huja yakiwa yamechelewa. Aila iliyoambiwa itangoja miaka minne itavumilia minne. Ikiingia wa nane bila kuambiwa kitu, uvumilivu huisha na maneno huanza. Nimeona vijana wanaokwepa harusi na misiba ya jamaa zao kwa kuogopa kuulizwa umeajiriwa wapi. Nimeona binti aliyehitimu vizuri akikubali ndoa asiyoitaka, kwa kuwa wajomba walichoka kumchangia na wakaona mahari ndiyo njia ya kurudisha fedha yao. Na lipo la hatari zaidi, nalo huwapata wateja: wakili mwenye njaa, anayedaiwa pango na kuandamwa na simu za nyumbani, hujaribiwa kuigusa fedha ya mirathi ya yatima iliyowekwa mikononi mwake.

Haki ya mzazi kujua

Huko Marekani, ambako wahitimu wengi wa sheria huanza maisha wakiwa na deni linalopita dola 100,000, vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa na chama cha mawakili wa nchi hiyo hulazimika kutangaza kila mwaka, kwa watu wote, ni wahitimu wangapi waliopata kazi miezi kumi baada ya kumaliza, na ni kazi ya namna gani. Deni lao ni kubwa kuliko letu, lakini mkopaji walau hukopa akiwa amefunguliwa macho. Hapa kwetu mzazi anayenunua kilo ya sukari hupimiwa mbele yake, na anayenunua miaka minne ya chuo kikuu hupewa kipeperushi chenye picha ya vijana waliovaa majoho.

Kwa sababu hiyo nawashauri wazazi wa mitaa hii, kabla ya kikao cha kuchanga, wapige mistari katika ukurasa wa pili wa daftari na kuandika mwaka wa tano, wa sita na wa saba, wakubaliane waziwazi nani atabeba nini katika kila mmoja, na wamwulize kijana mwenyewe kama anaipenda kazi hii kiasi cha kuifanya kwa elfu chache katika chumba cha mbao laini, maana huko ndiko atakakoanzia. Akisita, ziko njia fupi zaidi za kuingia katika nyumba hiyohiyo ya sheria: Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto hutoa astashahada na stashahada, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao katika kata zetu hufanya kazi ambayo wajane huikumbuka hadi kufa.

Kwa Tume ya Vyuo Vikuu nina ombi moja. Kila mwaka Tume huchapisha mwongozo wa udahili unaoonesha jina la chuo, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Iongezwe safu moja katika kurasa za sheria: kati ya wahitimu wa chuo hiki waliojiunga na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wangapi walifaulu kwa mara ya kwanza, wangapi walirudia, wangapi waliondolewa. Hilo halihitaji utafiti mkubwa, kwa sababu kila mwanafunzi wa Taasisi huingia akiwa na cheti chenye jina la chuo kilichomtunuku. Kinachohitajika ni mtu wa kuyapanga majina hayo kwa vyuo, kuyahesabu, na kuzichapa hesabu zake kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa, wakati ambapo kauntabuku ya mama wa Mtoni Kijichi bado haijaandikwa jina la ndugu hata mmoja.